Spika mpya, mkwaruzo ni uleule

Jamaa yangu alinipigia jioni moja, ukimsikia tu unajua kachoka, "Kaka njoo uzisikilize hizi spika, nimenunua mpya na bado zinakwaruza, sijui nifanye nini tena." Hiyo "mpya na bado" ndo iliyoninyanyua, mana kitu kikishabadilishwa na ugonjwa ukabaki palepale basi ugonjwa haukuwa kwenye kile kitu, na inaniuma sana kuona mtu anaweka spika nzima pembeni kwa kosa ambalo spika haikulifanya. Nakiandika kisa chote na vipimo vyake kwa sababu ndani yake mna safari nzima ya sauti, kuanzia namba zilizolala kwenye kompyuta mpaka hewa inayogonga sikio, na makosa yalikuwa mawili yamekaa mbalimbali kabisa, moja ndo lililomzaa mwenzake.

Vyombo vyenyewe ni vya kawaida. Kompyuta, kisanduku kidogo cha USB ambacho kazi yake ni kugeuza dijitali kuwa umeme wa analogi (hapa nitakiita kigeuzi), amplifaya ya stirio, na spika mbili, kila boksi lina wufa moja (ya sauti za chini) na twita moja (ya sauti za juu). Chumba kina urefu wa mita 4. Muziki ni faili za ubora wa CD, hakuna cha ajabu.

Malalamiko yake yalikuwa hivi: kila besi ikipiga, sauti inapasuka, na mwimbaji akiimba juu ya hiyo besi sauti yake inakuwa kama ina mchanga. Alishabadilisha spika, alishabadilisha waya wa USB, alishafuta programu ya muziki akaiweka upya. Alafu katikati ya maelezo akasema kitu kimoja akakipita haraka, kwamba tangu siku ya kwanza mfumo ulikuwa hauna besi kwa hiyo aliiongeza kwenye ekwalaiza (ile mistari ya kupandisha na kushusha sauti za chini, za kati na za juu), "lakini hiyo ni zamani, ilikuwa inapiga vizuri tu." Hiyo sentensi niliisikia ila sikuishika, nikaja kuirudia baadae.

Nilipofika sikugusa spika kwanza. Nilishusha kitasa cha sauti cha amplifaya mpaka tukawa tunaongea bila kupaza, nikasogeza sikio karibu na wufa ya kushoto. Mkwaruzo upo. Mdogo, lakini upo, umeshuka pamoja na muziki kwa kiwango kilekile, haujapungua peke yake hata kidogo.

Hapa ndo penye uzito kwenye uchunguzi wa namna hii. Spika ikizidiwa, koili yake (waya uliozungushwa unaoisukuma karatasi ya spika) inafika mwisho wa mwendo wake na kugonga au karatasi inavutwa kuliko inavyoweza kunyumbuka, na ukipunguza sauti inatulia. Amplifaya ikizidiwa nayo ni hivohivo, inaishiwa volti za kutoa, inakata vilele vya wimbi, ukishusha kitasa inarudi kuwa safi. Sasa mkwaruzo usiojali kitasa maana yake umeshaumbwa kabla ya kitasa, amplifaya inaupokea ukiwa tayari ni sehemu ya muziki na inaukuza kwa uaminifu kama inavyokuza gitaa. Kuna ugonjwa mmoja wa spika unaosikika hata sauti ikiwa ndogo, koili iliyopinda ikawa inasugua kwenye mwanya wa sumaku, ila niambie ni vipi spika nne, mbili za zamani na mbili mpya, zote zisugue na zote zisugue sawasawa. Haiwezekani.

Kigeuzi chake kilikuwa na tundu la hedifoni. Nikachomeka hedifoni, amplifaya nikaizima kabisa. Mkwaruzo uleule. Kwa hiyo ndani ya dakika kama tano amplifaya, waya za spika na spika zenyewe zote zikawa huru kwenye kosa hili, tumebaki na kigeuzi na kompyuta.

Kabla sijaendelea niseme kidogo namba zinafanyaje kazi, mana bila hapo kinachofuata hakitaeleweka. Sauti ya CD, ambayo Sony na Philips waliileta sokoni mwaka 1982, inapimwa mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri na moja. Piga hesabu unapata biti 1,411,200 kwa kila sekunde ya muziki. Biti 16 zinakupa namba kuanzia -32,768 mpaka 32,767 na hapo ndo mwisho wa dunia, hakuna 32,768 ya upande wa chanya, haipo, hakuna mahali pa kuiandika. Kigeuzi kinazipokea hizo namba moja baada ya nyingine kinazigeuza kuwa volti, alafu kichujio kinaondoa kila kitu kilichozidi nusu ya kasi ya vipimo, na kinachotoka ni wimbi nyororo kabisa. Niseme na hili kwa sababu naliona linarudiwa kila siku: ile michoro ya ngazi ngazi inayooneshwa kuwa eti ndo sauti ya dijitali inapotosha. Mstari wa kazi ulioanza na mhandisi Nyquist mwaka 1928 ukathibitishwa vizuri na mwanahisabati Shannon mwaka 1949 unasema wimbi lisilozidi nusu ya kasi ya vipimo linarudi lote, sio kwa kukadiria. Ukiweka osiloskopu (chombo kinachochora wimbi la umeme) kwenye tundu la kutokea la kigeuzi kizuri ukapiga toni ya hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, utaona mkunjo laini, ngazi huzioni.

Lakini mkunjo laini unapatikana kama namba zimeingia nzima. Tukafungua ile ekwalaiza. Mistari minne ya chini, ikiwemo ya hezi 60, yote imepandishwa mpaka juu, desibeli 12. Mistari mingine katikati. Na ule mstari wa kushusha mfumo mzima kabla ya kuongeza, ambao programu nyingi zinao pembeni upande wa kushoto, uko kwenye sifuri.

Desibeli 12 kwenye namba ni kuzidisha kwa 4. Chukua kipimo kimoja cha besi kwenye wimbo, tuseme kimeandikwa 15,000, si kikubwa, hata nusu ya uwezo hakijafika. Zidisha kwa 4 ni 60,000. Mwisho ni 32,767 (nahesabu kwa kipimo cha biti 16). Ndani ya programu yenyewe hesabu zinafanyika kwa namba za desimali ambazo zinaweza kuvuka kikomo bila kulalamika, lakini mwisho wa safari lazima zishuke kuwa namba nzima za kumpelekea kigeuzi, na pale mlangoni chochote kilichozidi kinakatwa na kuandikwa 32,767, kinachofuata 32,767, kinachofuata 32,767, mpaka wimbi lirudi chini lenyewe. Badala ya mlima unapata meza. Mafundi wanaita klipingi. Kigeuzi hakina makosa, kimepewa meza kikachora meza.

Sikutaka tuishie kwenye maneno kwa hiyo tulipima. Nilitengeneza faili tatu za toni ya hezi 60, moja ikiwa desibeli 20 chini ya kikomo, ya pili 10 chini, ya tatu 4 chini, na nikaweka mita ya umeme upande wa volti za AC kwenye tundu la kutokea la kigeuzi. Hezi 60 nimeichagua makusudi, mita za kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani wa hezi 50 au 60 kwa hiyo maeneo hayo zinasema kweli, ukipanda kwenye maelfu ya hezi nyingi zinaanza kudanganya. Kigeuzi hiki kinatoa volti 2 namba zikijaa, kiwango cha kawaida cha vifaa vya nyumbani tangu enzi za mashine za CD.

Ekwalaiza ikiwa imezimwa: faili ya kwanza volti 0.2, ya pili 0.63, ya tatu kama 1.26. Hivo ndo hesabu inavyotaka, safi. Ekwalaiza imewashwa: ya kwanza ikapanda mpaka 0.8, mara nne kamili, bado safi sikioni. Ya pili ilitakiwa ifike 2.5, ikasoma 2.3 na kwenye hedifoni toni ikaanza kuwa na ukali pembeni. Ya tatu ilitakiwa iwe volti 5, haikufika hata 3, na ile toni ya duara ya hezi 60 ikawa inanguruma kama injini. Hapo jamaa alikuwa kavaa hedifoni yeye, akaivua akaniangalia, "Ndo hiyo. Ndo hiyohiyo."

Kwa nini inasikika vibaya hivo? Ukikata vilele vya wimbi la hezi 60 juu na chini sawasawa unazalisha mawimbi mengine ambayo hayakuwepo, hezi 180, 300, 420 na kuendelea, na haya yanaingia kwenye eneo la sauti ya binadamu, ndo ule mchanga kwenye koo la mwimbaji. Isitoshe mwimbaji mwenyewe amepanda juu ya mgongo wa besi, besi ikifika dari na yeye anakatwa pamoja nayo, kila pigo. Na klipingi ya ndani ya namba ina ubaya mmoja zaidi ambao ya amplifaya haina. Chukua toni ya hezi 5,000 ikikatwa, inazaa 15,000, sawa, inazaa 25,000 na 35,000, hizi mbili haziwezi kuishi kwenye mfumo wa 44,100 kwa sababu nusu yake ni 22,050, kwa hiyo zinakunjwa na kurudi chini, ile 25,000 inatokea kama 19,100 na ile 35,000 inatokea kama 9,100. Hiyo 9,100 haina undugu wowote na 5,000, si sauti ya juu ya toni ileile, ni mgeni tu kaingia chumbani. Sikio linaikataa haraka sana hata kama ni ndogo.

Dawa ya hapo ilikuwa rahisi. Nikashusha ule mstari wa mbele wa ekwalaiza kwa desibeli 12, nikapandisha kitasa cha amplifaya kufidia. Sauti ileile, ukubwa uleule, mkwaruzo hakuna. Jamaa akauliza swali zuri, kwamba sasa si tunapoteza ubora kwa kushusha kwenye kompyuta? Kila biti moja ni desibeli 6 hivi, kwa hiyo tumetoa biti mbili, na kigeuzi chake kinapokea biti 24 ambazo kwenye karatasi ni desibeli 144, faili lenyewe ni la biti 16 yaani 96. Nafasi ipo tele. Kati ya kupoteza biti mbili za chini kabisa ambazo hata kelele ya amplifaya inazifunika, na kukata vichwa vya wimbi, hakuna kubishana.

Ningeweza kuondoka. Kweli kabisa, mkwaruzo umekwisha, mtu amefurahi. Ila ile sentensi yake ikanirudia, tangu siku ya kwanza hapakuwa na besi. Spika zile mpya zina wufa ya inchi sita na nusu, ziko kwenye chumba kidogo, zimekaa karibu na ukuta, kwa nini mtu mwenye masikio mazima aongeze desibeli 12? Desibeli 3 ningeelewa, mtu anapenda besi. 12 ni mtu anayetafuta kitu ambacho hakipo.

Nikazima ekwalaiza yote, nikaweka wimbo, nikakaa katikati anapokaa yeye. Besi hakuna. Ipo kama kivuli. Na mwimbaji, badala ya kusimama katikati ya spika mbili kama anavyotakiwa, hana mahali, yupo kila sehemu kichwani, ukigeuza shingo anahama. Nikanyanyuka nikasogea kwenye spika ya kulia mpaka nikawa naisikia hiyo zaidi, besi ikarudi. Nikarudi katikati, ikapotea.

Ukishawahi kusikia hali hii mara moja huisahau. Spika mbili zinapingana. Wimbi likiambia koni (ile karatasi ya spika) itoke mbele, moja inatoka na nyingine inaingia ndani, moja inasukuma hewa na mwenzake anaivuta, na pale katikati unapokaa wewe vinafutana. Besi ndo inayoumia zaidi kwa sababu ya urefu wake: sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa 60 unapata wimbi la mita 5.7, na spika zilikuwa zimeachana mita 1.8 tu, kwa hiyo kwa wimbi refu namna hiyo ni kama ziko sehemu moja, moja inajumlisha nyingine inatoa. Sauti za juu zina mawimbi mafupi ya sentimita chache, hizo zinagongana ovyo chumbani na kuta zinazichanganya, hazifutiki zote, zinabaki ila zinapoteza mpangilio. Ndo mana unasikia muziki mwembamba usio na katikati. Stirio yenyewe tangu mhandisi Alan Blumlein alipoiombea hataza kule Uingereza mwaka 1931 imejengwa juu ya kitu hichi, kwamba spika mbili zikitoa kitu kilekile kwa pamoja masikio yataamini kuna mtu amesimama katikati pasipo na spika. Zikipingana yule mtu hayupo.

Na hapa ndo kisa kinaposhikana. Ekwalaiza isingeweza kurudisha ile besi hata ingepanda mpaka wapi, kwa sababu inaongeza pande zote mbili sawa, na vitu viwili vinavyofutana ukivizidisha kwa 4 vinafutana vikiwa mara 4. Kidogo kilichobaki kwa sababu ya kuta na kutokukaa katikati kamili ndicho alichokuwa anakisikia kimeongezeka. Kwa nguvu za umeme mara 4 ya volti ni mara 16 ya wati. Wufa zilikuwa zinafanya kazi mara 16 kwenye besi na sehemu kubwa ya kazi ile inakufa hewani kabla haijamfikia. Alafu namba zikaishiwa nafasi na mkwaruzo ukazaliwa.

Sasa waya. Waya zake ni zile pacha za uwazi, ndani shaba inaonekana, na upande mmoja una mstari mwembamba mweusi wa kuutambua. Nilitumia betri ndogo ya volti 1.5. Unachomoa waya wa spika kwenye amplifaya, unaiacha upande wa spika kama ilivyo, unagusa ncha zake na betri kwa sekunde moja tu, chanya ya betri kwenye waya uliotoka tundu jekundu la amplifaya. Koni ikiruka mbele polariti (mpangilio wa chanya na hasi) iko sawa, ikirudi ndani imegeuzwa. Twita haiathiriki mana nyuma yake kuna kapasita inayozuia umeme wa betri, lakini hata hivo usishikilie, gusa achia. Kushoto: koni ikaruka mbele, unaiona kabisa kwa jicho na unasikia "tupu" ndogo. Kulia: ikazama ndani. Nikarudia mara tatu akiwa anaangalia yeye mwenyewe, kapiga magoti mbele ya boksi na tochi ya simu.

Tukafuata ule mstari mweusi kwa kidole. Kwenye amplifaya, upande wa kulia, waya wenye mstari umeingia kwenye jekundu. Ukipita nyuma ya meza, ukatokea kwenye spika, wenye mstari umeingia kwenye jeusi. Hapo tu. Sentimita moja ya shaba imewekwa kwenye tundu la jirani siku alipofunga mfumo kwa mara ya kwanza, gizani nyuma ya meza. Na alipoleta spika mpya alifanya kitu ambacho kila mtu angefanya, alichomoa waya mmoja mmoja na kuuhamishia kwenye tundu la rangi ileile, kwa uangalifu mkubwa, na kosa likahama naye bila kupotea hata kidogo. Kama angevuta waya mpya siku ile labda nisingeitwa.

Tukageuza. Ekwalaiza imezimwa, kitasa cha amplifaya palepale. Wimbo uleule.

Sikusema kitu, nilimwacha akae. Besi ikaingia ikajaza chumba, na mwimbaji akatokea katikati ya ukuta, juu kidogo ya meza, amesimama hahami. Jamaa aliusikiliza wimbo mzima mpaka mwisho bila kuongea, alafu akaurudisha mwanzo.

Nataka nirudi kwenye spika zile za zamani mana zilikuwa pembeni ya mlango zimegeuziwa ukutani zinasubiri kutolewa. Nilizichukua moja moja. Mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), spika ya omu 8 inatakiwa isome chini ya hapo kidogo kwenye umeme wa moja kwa moja, zikasoma 6.2 na 6.3. Nzima. Nikaweka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, nikaisukuma ndani polepole bila kuiegemeza upande, nikasikiliza kama kuna kukwangua. Kimya. Ukingo wa mpira unaoishika koni kwenye fremu hauna ufa. Kitu hiki kimebuniwa vizuri jamani. Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walieleza muundo wake mwaka 1925 na mpaka leo ukifungua spika nyingi unakuta kilekile, koili nyepesi ndani ya mwanya wa sumaku, umeme ukipita inasukumwa mbele na nyuma, koni iliyoshikamana nayo inasukuma hewa. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto, spika nyingi za nyumbani hazigeuzi hata asilimia 1 kuwa sauti, na ndo mana klipingi ya muda mrefu ni hatari kwake, wimbi lililokatwa kichwa linabeba wastani mkubwa wa nguvu na koili haipati nafasi ya kupoa. Za jamaa zilivumilia kwa sababu hakuwa mtu wa kufungulia sana. Twita nilizisikiliza kwa kupiga kelele ya waridi, ile kelele sawia inayofanana na mvua, moja baada ya nyingine, zikalingana.

Tukazifunga za zamani tukiwa tumehakikisha mstari mweusi kwenye jeusi pande zote nne. Zilipiga vizuri. Alikaa kimya kidogo akasema hizi ndo anazozipenda, zina sauti ya kati nzuri kuliko mpya, na ni kweli zilikuwa nazo. Mpya akazipeleka chumba kingine.

Kilibaki kitu kimoja. Besi iliporudi ikarudi na uvimbe wake, kuna noti moja ya chini ilikuwa inabaki hewani baada ya zingine kuondoka, unaisikia zaidi ukikaa karibu na ukuta wa nyuma. Chumba cha mita 4 kina mlio wake, 343 gawanya kwa mara mbili ya 4 unapata karibu hezi 43, wimbi linaenda na kurudi kati ya kuta mbili na kujijenga. Hii haikuwepo zamani kwa sababu spika zilikuwa zinafutana, hakukuwa na cha kuvimba. Tulizitoa spika kwenye kona, tukazisogeza mbele kama nusu mita, uvimbe ukapungua sana lakini haukuisha. Hapo nikairudisha ekwalaiza, safari hii kwa kushusha, desibeli 4 chini kwenye hezi 43 na upana mwembamba, na ule mstari wa mbele kwenye sifuri kwa sababu ukishusha namba hazina pa kugonga. Nilimwonesha jinsi ya kuizima na kuiwasha aendelee kulinganisha mwenyewe kwa siku chache na nyimbo anazozijua.

Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe, ameipandisha kutoka desibeli 4 chini mpaka 3 chini, anaona inatosha. Nilipopita kusikiliza nikakubaliana naye, 3 ilikuwa bora.